Mbona mnapiga kila kitu?

Saa tisa kasoro usiku simu ya mapokezi ikalia. Chumba namba 9, mama wa Kiingereza, sauti ya mtu aliyeamshwa vibaya. "The alarm went off," akasema.

Mimi, msichana wa Pangani mwenye C ya Kiingereza ya kidato cha nne, neno "off" nalijua tangu utotoni. Limeandikwa kwenye swichi ya feni, kwenye pasi, kwenye redio ya baba. Off ni kuzima. Basi kengele imezimika. Nikajiuliza moyoni, huyu mama usiku wote huu hana la kufanya ila kuamka na kuniarifu kwamba kidude kimezimika? Lakini mgeni ni mgeni. Nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa: "No problem, madam. Tomorrow the technician will put it on."

Kimya. Kisha akasema taratibu, neno moja moja, kama anayezungumza na mtoto: "It is ringing. Now."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Hoteli yetu ni nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima, na uani kuna jenereta linalounguruma umeme ukikatika. Kengele ya moshi ya ghorofa ya tatu inaweza kulia mpaka ikaukwe na koo, wewe uliye chini usisikie kitu. Nilipofika juu nikakuta wageni saba wamesimama koridoni na mataulo yao. Moto haukuwapo. Vijana wa chumba namba 11 walinunua udi Darajani, wakauchoma chini kabisa ya kile kidude cha darini, wakapitiwa na usingizi. Mmoja wao alikuwa bado amekishika chetezo mkononi, ameduwaa, kama mtu aliyetumwa msibani akapotea nyumba.

Asubuhi nikamhadithia supavaiza. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Went off ni imelia, mwanangu."

"Na taa zikienda off?"

"Hizo zimezimika."

"Na maziwa?"

"Yamechacha."

Swali la maziwa sikulitoa hewani. Wiki ile ile mgeni alirudisha jagi jikoni na ujumbe kwamba "the milk has gone off", na mpishi wetu akabaki anaangalia jagi lililojaa, akisema mbona hayajaenda popote. Neno lile lile moja: kengele linaiamsha, taa linaizima, maziwa linayaharibu. Hiyo ilikuwa 2014, na ndiyo siku niliyonunua kaunta buku la kwanza, lile la jalada gumu, nikaandika juu yake VITENZI VYENYE MIKIA. Vitabuni vinaitwa "phrasal verbs". Mimi naviona kama ng'ombe na mkia wake. Ng'ombe ni yule yule, "go", "put", "look", "turn", lakini ukimkata mkia na kumbandika mwingine, anageuka mbuzi.

Niseme kwanza nilikotoka, maana naamini wengi wenu mmetoka huko huko. Shule ya msingi ya serikali nilisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza mlango ukafunguliwa na kila kitu kikawa Kiingereza: baiolojia, jiografia, historia, mpaka ugomvi wa darasani ikabidi uwe wa Kiingereza kwa sababu ya kibao cha wasemao Kiswahili. Tukameza maneno. Na maneno tuliyoyameza yalikuwa makubwa, ya kitabuni, "postpone", "tolerate", "extinguish", "investigate", "abolish". Ungeniamsha usiku ningekwambia maana ya "abolish", na ningekutajia na biashara ya watumwa palepale.

Miaka yangu yote ya hoteli, sijasikia mgeni hata mmoja akitamka "extinguish". Nimelisoma tu kwenye mtungi mwekundu ukutani. Wao husema "put out". Hawasemi "postpone", husema "put off". Hawasemi "tolerate", husema "put up with", na hapo ujue kuna malalamiko yanakuja, kwa kawaida ya jenereta. Hawasemi "investigate", husema "could you look into it?". Mimi niliyekuwa najua neno la mahakamani nilikuwa silijui la jikoni. Nilikuwa kama mtu aliyefundishwa kuvaa suti lakini hajui kufunga kanga.

Baadaye nikaelewa sababu. Yale maneno marefu mengi yaliingia Kiingereza kutoka Kilatini, mengine yakapitia Kifaransa, yakaja na mahakama, kanisa na vitabu. Haya mafupi ndiyo ya nyumbani, ya kulelea watoto. Na sisi si wageni wa jambo hili. Mwenyekiti wa kikao huahirisha, neno la Kiarabu hilo, limevaa koti. Lakini mama mwenye harusi yake akipungukiwa na mchele huwaambia wenzake, "tusogeze mbele kidogo." Hakuna mtu anayeahirisha akiwa jikoni.

Nilianzia hausikipingi, 2012, kabla ya kuhamia mapokezi. Pale kosa langu la kwanza lilikuwa la kimya kimya, ndiyo maana lilidumu wiki mbili. Kila chumba kina kile kibao cha kuning'iniza kitasani, upande mmoja kimeandikwa usisumbue, upande wa pili "Please make up my room". Mimi "make up" naijua. Mekapu! Nani asiyeijua? Nikaona kibao kile nikajua mwenye chumba yuko ndani anajipodoa, si adabu kugonga. Nikawa navipita vyumba vyenye kibao hicho na kwenda kusafisha visivyo na kibao. Kwa hiyo kila aliyeomba kusafishiwa hakusafishiwa, na kila aliyekaa kimya alisafishiwa mara mbili. Malalamiko yalipofika kwa bosi nilijitetea kwamba wageni wenyewe wamesema wanajiremba. Hata yule baba wa chumba namba 4 mwenye ndevu? Nikasema, siku hizi huwezi kujua.

Halafu ikaja "turn down". Shuleni nilikuwa nimefundishwa ni kukataa: "He turned down the offer." Jioni ya kwanza ya zamu nikaambiwa nenda katoe "turndown" chumba namba 6. Nikasimama. Niende nikamkatae nani? Kumbe ni ile kazi ya kuingia jioni, kukunja pembe ya shuka ya juu, kushusha chandarua na kupunguza taa, ili mgeni akirudi aangukie kitandani tu. Na mgeni jirani akipiga muziki, ukamwambia "turn it down", hapo ni kupunguza sauti. Kukataa, kukunja shuka, kupunguza sauti. Ukiangalia vizuri, zote tatu kuna kitu kinashushwa, posa ikiwamo. Lakini hilo nililiona baada ya miaka. Siku ile niliona tu kwamba Waingereza wamekosa maneno wakaamua kuchanganya machache waliyonayo.

Mapokezi sasa, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Masika, Ijumaa usiku, mvua inamwagwa kwa ndoo, wakaingia mume na mke wa makamo wametota mpaka soksi. Boti yao ilichelewa, na nyumba waliyokuwa wameweka nafasi imefungwa. Mama akauliza, "Can you put us up for the night?" Nikasikia "put", kuweka. Nikasikia "us", sisi. Nikasikia "up", juu. Wanataka kuwekwa juu. Nikawaonea huruma, watu wazima wametota, na mizigo, na chumba cha chini kipo kitupu. Lakini wamesema juu. Nikawapeleka juu, chumba cha paa, ghorofa ya nne, ngazi 62 nilizozihesabu mwenyewe, na hoteli haina lifti. Walipofika kule yule baba alikuwa anahema kama mvuvi aliyevuta jarife peke yake. Walichokuwa wanaomba ni mahali pa kulala tu. "Put someone up" ni kumpa mtu malazi, hata umlaze sakafuni. Asubuhi jua likatoka, wakaona bahari na majahazi na mapaa ya mabati ya Mji Mkongwe yote, wakakaa siku nne. Sikuwaambia kitu.

Basi kaunta buku. Nilianza vibaya, na nawaambia ili msipoteze miezi niliyopoteza mimi. Nilichukua orodha kwenye simu, vitenzi 200 kwa mpangilio wa alfabeti, nikaanza kukariri kumi kwa siku. Nikafika "break": break down, break in, break into, break off, break out, break up. Zikachanganyika kichwani kama funguo za hoteli nzima kwenye pete moja. Gari imefanyaje? Mwizi amefanyaje? Wachumba wamefanyaje? Mwisho wa mwezi nilikuwa najua kwamba kuna kitu kimevunjika lakini sijui ni nini.

Aliyeniokoa hakuwa mwalimu. Alikuwa mzee mmoja wa Kiskoti, fundi bomba mstaafu, anayekuja kila Februari na kukaa wiki sita. Kutwa yuko barazani na daftari lake anajifunza Kiswahili kwa kuwasumbua wauza kahawa. Siku moja akaja mapokezi amekasirika kweli, uso umekuwa wa rangi ya pweza aliyechemshwa.

"Mbona mnapiga kila kitu?"

Nikamuuliza nani kapigwa. Akafungua daftari akanisomea. Piga simu. Piga picha. Piga pasi. Piga mswaki. Piga deki. Piga kura. Piga hodi. Piga magoti. Piga chafya. Piga kambi. Piga mbizi. "Simu nimekubali," akasema, "labda mnaigonga. Lakini chafya? Mnaipigaje chafya?"

Nikataka kumweleza nikakosa pa kuanzia. Mtoto wa miaka minne Pangani anajua kwamba pasi hupigwa na wala haumii nayo kichwa. Hajawahi kukaa akakariri orodha ya mambo yanayopigwa. Amesikia mama anasema "ngoja nipige pasi" huku ameishika pasi, basi, imeingia yote kwa pamoja, neno, mkono na harufu ya mkaa. Nikamwandikia mzee ukurasa wa pili ili nimtese zaidi: kata tiketi, kata tamaa, kata rufaa, kata kona, kata roho. Kula kiapo, kula njama, kula hasara. Akashika kichwa. Na mimi nikawa nimesimama nyuma ya kaunta nikimwangalia, nikajiona mwenyewe na ile "break" yangu.

Kuanzia siku ile niliacha alfabeti. Nikagawa kaunta buku kwa mahali. Ukurasa wa simu, ukurasa wa teksi, ukurasa wa chumbani, ukurasa wa kaunta. Na sharti moja nililojiwekea: haliingii neno ambalo sijalisikia kwa mtu mwenye mdomo, na lazima niandike alikuwa anafanya nini alipolisema. Ukurasa wa simu unaanza na aibu. Bibi mmoja aliniambia "hang on", nami kwa kuwa "hang up" nilishaambiwa ni kukata simu, nikakata. Akapiga tena, "hang on", nikakata tena. Mara ya tatu alianza na neno jingine kabisa ambalo kaunta buku halina haja nalo. "Hang on" ni ngoja kidogo. "Hang up" imetokana na zile simu za zamani za ukutani, ukimaliza unatundika mkono wake juu kwenye ndoano. Simu zenyewe zimekwisha, neno limebaki linaning'inia.

Ukurasa wa teksi: "pick up" na "drop off". Huku kwetu pikapu ni gari, la kubebea saruji na mbuzi, kwa hiyo mnaweza kukisia dereva wetu wa kwanza alikuja na nini alipoandikiwa kwenye karatasi "airport pick-up, two persons". Na "get in" na "get on": gari dogo unaingia ndani, basi na boti na ndege unapanda juu yake. Sisi tunapanda vyote, hata bajaji, ndiyo maana tunasema "get on the taxi" na mgeni anatazama paa la gari.

Lakini kilichonifungua macho kabisa ni pale nilipoacha kutazama maneno yao na kutazama yetu. Mkia wa Kiswahili upo, ila sisi tumeushona ndani ya neno. Hama na hamia. Ukihama unatoka nyumba, ukihamia unaingia nyumba. Herufi moja tu, i, na mwenye nyumba anajua kama ni kulia au kucheka. Mwingereza yeye anasema "move out" na "move in". Ni hesabu ile ile. Tupa ni kutupa, tupilia mbali ni kutupa na usirudi kutazama, "throw away". Kimbia, kimbilia, kimbiza: mmoja anakimbia, wa pili amepata pa kujificha, wa tatu ana fimbo. Tandika na tandua. Funga na fungua. Kunja na kunjua. Na mwisho wa mwezi, nimeishiwa salio: "I've run out of credit". Angalia mzigo ambao neno moja, kuishiwa, limebeba, na Mwingereza anahitaji matatu, huku "run" yenyewe ikimkimbiza mgeni bure. Ningekuwa mwalimu ningeanzia hapa. Ningewaandikia watoto hama na hamia ubaoni, kisha ningewaambia, haya, sasa tuone wenzetu wanafanyaje.

Hata lile linalowatesa wengi, la mahali pa kuweka "it", lilinikaa nilipolitazama kwa Kiswahili. Husemi "turn off it". Unasema "turn it off". Lazima "it" iingie katikati, kati ya ng'ombe na mkia. Ajabu? Sisi tunafanya nini? Taa, nimeizima. Ile -i- imekaa wapi? Katikati, imebanwa na -me- na zima. Hatusemi "nimezima hiyo" kila saa, tunaichomeka ndani. Ukiitaja taa kwa jina lake uko huru, "turn off the light" au "turn the light off", yote sawa. Ila ikishakuwa "it" au "them", ndani.

Hapo mtanikumbusha "look after". Ni kweli, "look after him", huwezi kusema "look him after". Vipo vitenzi ambavyo mkia hautengani na ng'ombe, na mtego ni kwamba kwa macho vinafanana na vile vingine. Mimi nimejifunza kuvitenganisha kwa sikio. Kwenye "turn it off" Mwingereza anakandamiza mkia, "off" ndiyo inayotoka na nguvu. Kwenye "look after it" anakandamiza "look", na "after" inapita haraka kama mtu anayekwepa kudaiwa. Sisi Waswahili mkazo wetu kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, umelala hapo hapo, kwa hiyo masikio yetu hayakuzoea kuutafuta. Jaribuni. Sikilizeni mgeni anayegombana na mtoto wake: mikia yote inapigwa.

Familia ya "look" peke yake ina kurasa tatu kwangu. Look for ni kutafuta, look after kutunza, look into kuchunguza, look down on kudharau, look up kutafuta kwenye kamusi, ila ukiongeza "to", look up to, unamheshimu mtu. Na "look forward to", ambayo niliikosea kwenye barua pepe za hoteli kwa miaka miwili mizima. Niliandika "We look forward to see you" kwa mamia ya wageni, na hakuna aliyenisahihisha mpaka mzee wa Kiskoti alipoitazama kompyuta kwa juu ya bega langu. "Seeing," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, yeye ni fundi bomba.

"Up" inahitaji maneno yake. Niliichukia sana. Kwenye vitenzi vingi haina habari na juu, inamaanisha kabisa, isibaki kitu: eat up, drink up, use up, lock up, dry up. Mtoto akiambiwa "eat up" hatakiwi kupanda mezani, anatakiwa kumaliza. Ukilijua hilo unaokoa nusu ya ukurasa. Nusu nyingine ni shida tu. "Show up" ni kutokea, "give up" ni kukata tamaa, "throw up" ni kutapika, na nani duniani hutapika kuelekea juu? Fomu za wageni Mwingereza ana-"fill in", Mmarekani ana-"fill out", ndani na nje, na wote wawili wanaandika namba ya pasipoti kwenye kisanduku kile kile. Mkia mwingine si wa kufanyia mzaha: "pass out" ni kuzimia, "pass away" ni kufariki. Ukikosea hapo unaita sheikh badala ya daktari.

Mwaka 2020 wageni walipotoweka, nilikuwa na muda. Hoteli vyumba 14, mgeni mmoja, naye alikuwa amekwama tu. Nikasoma kwenye simu kwamba Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza huko London ikatoka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Nilifurahi siku nzima. Karibu miaka 260 kabla ya kengele yangu ya saa tisa, mwenye lugha yake mwenyewe alikwisha kukiri.

Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, ikaporomoka ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kishindo chake sitaki kukikumbuka. Wageni waliporudi kidogo kidogo, kila mmoja alisimama kaunta na kuuliza, na kila mmoja kwa mkia wake. Why did it come down? When did it cave in? Did the balcony give way? Hiyo ya mwisho ilinisimamisha, kwa sababu "give way" mimi niliijua kwenye kibao cha pembetatu barabarani, mpishe mwenzio. Roshani impishe nani? Nikaliandika kwenye ukurasa wa kaunta, na mbele yake nikaandika tarehe badala ya maana.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi, mtoto wa filamu za Kimarekani, Kiingereza chake kinatiririka kuliko changu. Februari iliyopita mzee wa Kiskoti alikuwa na boti ya asubuhi kwenda Dar, akamwinamia kijana pale kaunta na kumwambia, bila kupepesa, "Could you knock me up at five?" Kijana akaangusha kalamu. Kwa Kimarekani maneno yale ni kumpa mtu mimba. Kwa wazee wa Uingereza ni kugonga mlango na kumwamsha mtu, basi. Nilikuwa nyuma, naweka funguo, nikaacha kidogo kijana ahangaike ndipo nikamwokoa. Kaunta buku la tatu, ukurasa wa chumbani, mstari wa mwisho.

Juzi mzee akaniletea ujumbe wa WhatsApp. Kiswahili chake kimepanda, anaandika bila kamusi sasa, na piga ameizoea mpaka imemzidi. Ameandika: "Dada, shikamoo. Mwezi wa pili nitapiga ndege kuja Unguja."

Shikamoo ananiamkia mimi, aliyenizidi miaka thelathini! Nikaiacha hiyo. Nikamwandikia kwamba ndege wa bwana Mungu hajamkosea kitu, asimpige, ampande.

Akatuma vicheko vingi. Halafu akaandika kwa Kiingereza: "Can you put me up?"

Nikamjibu ndiyo, chumba kipo. Ngazi 62.